Kabla ya kununua sola, panda darini kwanza

Wafanyabiashara wadogo na wakulima wa nchi hii hawajasahau adha ya mgawo wa umeme. Tuliuona mwaka 2006 baada ya ukame kukausha mabwawa, na tukauona tena kati ya mwaka 2022 na 2023. Mwenye bucha alitupa nyama, mwenye saluni alifunga mlango saa nne asubuhi, na mwenye mashine ya kusaga alikaa kibarazani akitazamana na wateja na ndoo zao za mahindi. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na kuleta nafuu, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi wameamua kuwa na umeme wao wenyewe, na macho yao yamegeukia jua.

Uamuzi huo tunauunga mkono. Jua tunalo la kutosha, kwani sehemu kubwa ya Tanzania hupata nishati ya jua ya kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bei ya paneli nayo imeshuka sana ikilinganishwa na ilivyokuwa miaka 15 iliyopita. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulirukia, na wauzaji wengi hawana haraka ya kuwakumbusha. Jambo hilo ni paa.

Mteja akifika dukani huulizwa ana taa ngapi, friji ngapi na televisheni ngapi. Ni nadra kuulizwa bati lake ni la geji gani, lina umri gani, na mbao zilizolibeba zikoje. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kukopa kwenye SACCOS, akafungiwa mtambo mzuri kabisa, kisha masika ya kwanza yakamkuta akihamisha magunia ya mahindi yaliyolowa. Deni linabaki, mahindi yameoza, na paneli ziko juu ya paa ambalo sasa lazima lifumuliwe.

Kwa maoni yetu, kazi ya kwanza katika ununuzi wa sola kwa ajili ya jengo la biashara ni kukagua paa, na ukaguzi huo ufanyike kabla ya kulipa hata shilingi moja ya paneli. Aidha, mnunuzi awe tayari kusikia jibu la hapana. Yapo mapaa mengi yanayofaa, yapo yatakayofaa baada ya kurekebishwa, na yapo ambayo hayafai kabisa.

Tuanze na uzito. Paneli moja ya wati 550, ambayo ndiyo ya kawaida sasa kwenye majengo ya biashara, ina ukubwa wa zaidi kidogo ya mita za mraba 2.5 na uzito wa karibu kilo 28. Ukijumlisha na reli za kuifungia, kila mita ya mraba ya paa hubeba kilo 13 hadi 15 za ziada. Mtu anaweza kusema huo ni uzito mdogo. Lakini bati la geji 30, lililoezekwa kwenye fremu nyingi za maduka yetu, lina uzito usiofika kilo 3 kwa mita ya mraba. Fundi aliyepaua alinunua mbao za kubeba bati hilo jepesi. Leo tunaziambia mbao zilezile zibebe mara tano au sita ya mzigo ule, na tena kwa miaka 25.

Ndiyo maana tunasema panda darini. Chukua tochi na bisibisi, nenda na fundi seremala unayemwamini, siyo yule wa kampuni inayokuuzia. Mtazame kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, na papi, zile mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake. Chomeni mbao kwa bisibisi mahali zinapokutana na ukuta. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao imeoza au imeliwa. Tafuteni njia za udongo za mchwa na vumbi la unga chini ya mbao. Angalieni kama maungio ya kenchi yamefungwa kwa bolti au ni msumari mmoja uliopinda. Vuteni kamba kutoka mwanzo hadi mwisho wa mgongo wa paa. Mgongo ukiwa umebonyea katikati kabla ya kuwekewa chochote, paa hilo limeshatoa jibu lake.

Mkiwa bado darini, mchana wa jua kali, zimeni tochi. Kila kitone cha mwanga mtakachokiona juu ni tundu. Vitone viwili au vitatu kwenye misumari vinazibika. Yakiwa kama nyota za usiku, bati limekwisha.

Hapo tunafika kwenye suala la umri, ambalo ndilo linalowagharimu watu wengi zaidi. Paneli nzuri huendelea kufanya kazi miaka 25 na zaidi. Bati jembamba halifiki huko kila mahali, hasa katika mikoa ya pwani kama Tanga, Lindi na Mtwara, ambako chumvi ya bahari hula chuma mapema. Ukifunga paneli mpya juu ya bati lililobakiza miaka mitano, umejipangia gharama ya kuzishusha, kupaua upya na kuzifunga tena. Fundi utamlipa mara mbili, na mara ya pili kuna hatari ya kupasua vioo na kuchana waya. Kanuni yetu ni rahisi: kama bati litahitaji kubadilishwa ndani ya miaka kumi, libadilishe sasa, na gharama hiyo uihesabu kuwa sehemu ya bei ya sola.

Upepo nao ni adui mkubwa kuliko uzito. Uzito husukuma paa chini kila siku kwa kiasi kilekile, lakini upepo huingia chini ya paneli na kuinua. Nguvu hiyo huwa kali zaidi kwenye kingo na pembe za paa. Wakazi wa Mafia na mwambao waliopitiwa na Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 hawahitaji kuelezwa upepo unaweza kufanya nini. Kwa hiyo paneli zisifike ukingoni, na reli zake zifungwe kwa skrubu zinazopenya hadi kwenye papi au kenchi. Fundi anayefunga reli kwenye bati peke yake anatengeneza tiara. Kila tundu analotoboa liwe juu ya mgongo wa bati, mahali ambapo maji hayapiti, na liwe na raba yake ya kuzuia mvua. Siku atakapomaliza, mwaga ndoo kadhaa za maji juu ya kila mfungo wakati yeye bado yupo, kabla hujamlipa kiasi kilichobaki.

Baada ya uimara linakuja jua lenyewe. Wapo wauzaji wanaosema paneli lazima itazame kaskazini, na wapo wanaosema popote ni sawa. Ukweli unategemea uko wapi. Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, lakini kwa umbali tofauti. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 tu kusini, hivyo mwezi Juni jua la saa sita mchana huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini kwa kiasi kisichotofautiana sana. Mwenye duka Mwanza mwenye paa lisilo na mteremko mkali anaweza kutumia upande wowote bila hasara kubwa.

Songea ni tofauti. Huko mwezi Juni jua la saa sita liko karibu nyuzi 34 upande wa kaskazini. Kwa paa lenye mteremko wa nyuzi 20, upande unaotazama kusini hupata kama asilimia 60 tu ya jua la moja kwa moja ambalo upande wa kaskazini unapata saa hiyo. Kwa hiyo mkulima wa Ruvuma mwenye mashine ya kukoboa asikubali paneli zipelekwe upande wa kusini kwa sababu tu ndiko ngazi ya fundi ilikoegemezwa. Mapaa yanayotazama mashariki na magharibi hayafai kudharauliwa. Paneli zikigawanywa pande hizo mbili, umeme huanza mapema asubuhi na kuendelea hadi jioni, jambo linalomfaa mwenye biashara inayotumia umeme kutwa nzima.

Kivuli ni habari nyingine. Paneli hufungwa kwa kufuatana kama shanga katika uzi mmoja, na kivuli cha mwembe kikiangukia chache kati yake, umeme wa msururu wote unaweza kupungua. Jipe siku moja. Panda saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, na kila mara chora kwa mkaa mahali kivuli kinapoishia. Kumbuka pia kwamba jua huhama, hivyo kivuli cha Juni si kile cha Desemba. Kisha mtazame jirani. Kiwanja kilicho wazi leo kinaweza kuwa na ghorofa nne baada ya miaka mitatu, hasa katikati ya miji yetu inayojengwa kwa kasi. Usitegemee jua linalopita juu ya ardhi ya mtu mwingine bila kumuuliza ana mpango gani nayo.

Wenye mashine za kusaga wana jambo la ziada, ambalo ni vumbi. Pumba inayotoka dirishani hutua juu ya paa, ikipata umande hugandamana na kuzuia mwanga. Paa la mashine linahitaji njia salama ya kupitia mtu wa kufuta paneli mara kwa mara, na bomba la kupeleka vumbi upande mwingine. Kama hakuna mahali pa kukanyaga bila kubonyeza bati, paneli hizo hazitasafishwa.

Tufanye sasa hesabu, kwa sababu paa linaweza kuwa imara na bado likawa dogo. Chukua mfano wa duka lenye paa la mita 10 kwa 8, lenye miteremko miwili. Kila upande una takribani mita za mraba 40. Ukiacha kingo na njia ya kupita, zinabaki kama 28 za kutumia. Hapo zinaingia paneli 10 za wati 550, sawa na kilowati 5.5. Kwa makadirio ya kawaida ya kilowati-saa 4 kwa siku kwa kila kilowati moja ya paneli, mwenye duka atapata kama kilowati-saa 22 kwa siku. Hizo zinatosha taa, friji kadhaa, kompyuta na mashine za kunyolea.

Lakini mashine ya kusaga yenye mota ya nguvu farasi 20 hutumia karibu kilowati 15. Ikisaga saa nne kwa siku ni kilowati-saa 60, na wakati wa kuwaka mota huvuta umeme mara kadhaa ya kiasi hicho, isipokuwa iwe na kifaa cha kuiwasha taratibu. Kwa mashine hiyo utahitaji paneli 36 hadi 40, yaani karibu mita za mraba 100 za paa zuri, na mzigo wa zaidi ya tani moja. Paa la duka letu la mfano haliwezi. Muuzaji anayekuambia linaweza anahesabu pesa zako, hahesabu mita za paa.

Wengine watauliza, je, kama paa langu limekataa, nisahau sola? Hapana. Mkulima ana kitu ambacho mwenye duka la mjini hana, nacho ni ardhi. Paneli zinaweza kusimama chini, juu ya nguzo za chuma zilizochimbiwa, karibu na kisima au mashine. Chini ni rahisi kufuta vumbi, na unachagua mwenyewe zitazame wapi. Utahitaji uzio na mlinzi, na mbuzi wasifike, lakini gharama hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko ya kupaua upya. Mjini nako ipo njia ya kujenga paa jipya kwa ajili ya paneli. Jijini Nairobi, jengo la maduka la Garden City lilifungua mwaka 2015 mtambo uliojengwa kama kivuli juu ya maegesho ya magari. Mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya hivyo kwa kipimo chake, juu ya eneo la kupakulia mizigo.

Wenye majengo ya paa la zege wasijione wameepuka. Zege hubeba mzigo vizuri, lakini mara nyingi juu yake tayari kuna matangi ya maji na kuta zilizoanzishwa kwa ajili ya ghorofa ijayo. Paneli za huko mara nyingi hazitoboi paa, hushikiliwa na vizito vya zege, na vizito hivyo huongeza mzigo mkubwa. Mwite mhandisi aliyejenga, au wa halmashauri. Na kama una mpango wa kuongeza ghorofa, jenga kwanza.

Yapo mapaa ambayo hatutaki hata yaguswe. Maghala ya zamani, yakiwemo ya vyama vya ushirika, mengine yameezekwa kwa asbesto, zile bati za kijivu zinazofanana na saruji. Kuzitoboa kunatoa vumbi linaloweza kusababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, na zinavunjika fundi akizikanyaga. Paa la namna hiyo linatakiwa kuondolewa kwa utaratibu maalumu, na NEMC ndio wa kuulizwa kabla ya mtu yeyote kupanda.

Suala la maghala tunalitilia mkazo wa pekee. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, korosho au ufuta ulio ghalani ni mali ya mkulima aliyeko kijijini na karatasi yake mkononi. Paa likivuja, anayepoteza ni yeye, wala hakushirikishwa fundi alipoletwa. Kwa hiyo AMCOS yoyote inayotaka kuweka sola juu ya ghala ipeleke taarifa ya ukaguzi wa paa mbele ya mkutano mkuu, na wanachama waulize maswali. Waya nao usipitishwe ovyo darini juu ya pamba au katani, maana paneli huendelea kuzalisha umeme muda wote jua linapowaka, hata swichi ya ndani ikizimwa.

Wapangaji pia wajihadhari. Mkataba wa fremu ni wa mwaka mmoja au miwili, ilhali mtambo unahitaji miaka kadhaa kurudisha gharama yake. Kabla ya kutoboa bati la mwenye nyumba, andikianeni paneli ni za nani, nani atarekebisha paa likivuja, na siku ya kuhama itakuwaje. Maneno ya mdomo hayatoshi hata kama mwenye nyumba ni shemeji yako.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba mtambo uliounganishwa na umeme wa TANESCO bila betri huzimika pindi umeme wa TANESCO unapokatika, ili kulinda mafundi walioko kwenye laini. Anayenunua sola kwa hofu ya mgawo ahakikishe ana betri na inveta inayoweza kujitegemea. Aidha, Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazohusu kubadilishana umeme wa ziada na gridi, lakini ziada hiyo usiiweke kwenye hesabu zako kabla hujafika ofisi ya TANESCO ya eneo lako na kupewa jibu kwa maandishi.

Tunatoa rai kwa pande tatu. Wauzaji wa sola wakague paa kabla ya kutoa bei, na wathubutu kumwambia mteja paa lake halifai. Watapoteza mauzo ya siku moja na kupata jina la miaka mingi. Benki na SACCOS zinazokopesha kwa ajili ya sola zidai taarifa ya paa kama zinavyodai hati ya dhamana, kwa kuwa mkopaji ambaye stoo yake imelowa hawezi kurejesha mkopo. Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha ufungaji wa sola vihakikishe kijana anayehitimu anaijua kenchi kama anavyoijua inveta.

Kwa msomaji wetu, neno letu ni fupi. Jua litakuwepo kesho na keshokutwa, wala muuzaji hahami. Ngazi ya jirani ni ya kuazima tu, na nusu siku ya kukaa darini na fundi seremala haigharimu hata bei ya paneli moja. Kama paa ni zima, funga mtambo wako kwa amani na uache LUKU ipumue. Kama paa ni bovu, pesa ya kwanza iende kwenye mbao na bati.